Mama Mishale na Nukta ya Ghorofa ya Nne

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, mwenzetu tunayemwita Mama Mishale atarudisha funguo za chumba chake na kustaafu rasmi, akiwa ametumikia Idara ya Sosholojia kwa miaka thelathini na mitatu. Aliingia kama msaidizi wa utafiti, binti mwembamba aliyebeba mkoba mkubwa kuliko yeye, na anaondoka akiwa mhadhiri mwandamizi anayeogopwa na wavivu na kupendwa na waliobaki. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu moja tu: chumba changu cha takwimu kinapakana na chake, na ukuta wa katikati ni mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya namwambia pole bila kuinuka kitini. Mhariri wa jarida amenipa ukurasa mmoja na nusu. Mhariri na anisamehe.

Jina la Mishale alilipata ukutani. Alipoanza kazi hatukuwa na kompyuta za maana, kwa hiyo alibandika karatasi kubwa kutoka dirishani hadi mlangoni akachora kwa penseli. Kila mtu aliyemhoji alikuwa nukta. Mtu akisema kwamba akikwama humwendea fulani, mshale ulitoka kwenye nukta yake ukaenda kwenye nukta ya fulani. Baada ya mwezi ukuta mzima ulikuwa umejaa mishale. Mfagizi wetu wa wakati huo alikataa katakata kuukaribia, akisema hajui ni ramani ya vita gani na hataki kuitwa shahidi.

Fani yake inaitwa uchambuzi wa mitandao ya jamii, na neno hilo limemtesa, jamani. Tangu simu za mkononi zilipoenea, hakuna harusi aliyokwenda bila mtu kumsogelea na kumwomba amrudishie nywila iliyopotea. Shemeji yangu mmoja alimfuata mpaka ofisini. Mama Mishale alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamuuliza huwa anazungumza na nani akiwa na huzuni. Shemeji alirudi nyumbani bila nywila, lakini alimpigia simu dada yake ambaye walikuwa hawajasemezana tangu msiba wa baba yao.

Wengi wetu katika taaluma hii humuuliza mtu yeye ni nani: umri, elimu, kazi, dini. Mama Mishale humuuliza mtu ana nani. Husema kwamba watu wawili wanaweza kulingana kwa kila kitu na bado maisha yao yakawa mbali kabisa, kwa kuwa mmoja amezungukwa na watu wanaojuana wote, na mwingine amesimama peke yake kati ya makundi mawili yasiyosalimiana. Hilo la pili ndilo alilolipenda zaidi kulifundisha, na kuna mwaka alilifundisha bila kupanga.

Ilikuwa siku ya jaribio la muhula, chumba cha mtihani kikabadilishwa dakika za mwisho. Kiongozi wa darasa, kijana mcheshi aliyependwa na kila mtu, alitangaza kwa sauti yake yote. Hata hivyo nusu ya darasa haikutokea. Mhadhiri mwingine angewapa sifuri akaenda zake kunywa chai. Yeye aliwauliza wote, mmoja mmoja, habari za darasani huzipata kwa nani, kisha akachora ubaoni. Alimfuta kiongozi wa darasa, mwenye mishale mingi kuliko wote, na darasa likabaki limeshikana vilevile. Halafu akafuta nukta ya msichana mmoja mkimya ambaye siku ile alikuwa kwa daktari wa meno. Loo! Ubao ukagawanyika vipande viwili. Kumbe waliokaa mbele na waliokaa nyuma walikuwa wakiunganishwa na huyo mmoja, na hakuna aliyelijua hilo, hata yeye mwenyewe. Jaribio lilirudiwa, msichana akabandikwa jina la Daraja, na wasomaji wa jarida hili wanamfahamu, maana ndiye atakayerithi somo hilo kuanzia muhula ujao.

Siri za watu hazijawahi kumponyoka. Mkuu wetu wa zamani alimwomba achore idara yetu yenyewe, nani humwomba nani ushauri, akiwa na hakika kwamba yeye atakuwa katikati. Mama Mishale alimletea mchoro safi usio na jina hata moja. Mkuu alikaa nao wiki nzima, akaamua kwamba nukta kubwa kuliko zote ni yeye, akauweka kwenye fremu. Tulimwandama Mama Mishale kwa maswali, tukamnunulia mpaka maandazi. Alikula maandazi na hakusema neno, na mchoro ule ungali umetundikwa ofisi ya mkuu mpaka leo.

Sasa nifike kwenye lile jengo, maana bila jengo lile hiki kingekuwa kipande cha sifa za kawaida.

Lilikuwa jengo la ghorofa saba, la kupangisha, lifti imekufa, ngazi zinanuka sabuni ya kufulia na vitunguu vya kukaanga. Mama Mishale alipata ruhusa ya kuwahoji watu wazima wote waliokuwa wakiishi humo. Swali lake lilikuwa fupi: ukizidiwa ghafla, mlango wa nani utaugonga? Angeuliza mara tatu, kwa kupishanisha mwaka mmoja mmoja, ili aone jinsi majirani wanavyoshikana na kuachana wenyewe kwa wenyewe. Roho ya utafiti ilikuwa kwenye hayo maneno ya mwisho. Mtafiti anauliza, anashukuru, anaondoka. Akitia mkono, hapimi tena maisha ya watu, anapima mkono wake. Jambo hilo alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza tangu enzi za penseli. Na tukubaliane pia kwamba huo ndio utafiti uliokuwa umpe uprofesa. Jalada lake lilikuwa tayari, na sisi kwenye korido tulikwisha kuanza kumwita Profesa, naye alijifanya hasikii huku anatabasamu.

Awamu ya kwanza ilipoisha, mchoro ulipendeza. Muuguzi mmoja wa ghorofa ya chini alikuwa na mishale kutoka kila upande. Mafundi wawili wa ghorofa ya sita walitajana, na wake zao wakatajana. Lakini ghorofa ya nne palikuwa na nukta moja ambayo haikutoa mshale wala kupokea. Ilikuwa ya dereva wa treni mstaafu, mzee aliyefiwa na mkewe, asiye na mtoto. Alipoulizwa lile swali alifikiri kwa muda mrefu, kisha akajibu kwa upole, "Andika hakuna, mwanangu. Nimewapitisha wote kichwani, hakuna." Akamshukuru kwa kumtembelea. Akamuuliza atarudi lini.

Nukta kama hiyo tunaiita nukta pweke. Kompyuta huisukuma pembeni ya picha, na ukitaka picha nadhifu unaweza kuificha kwa kubonyeza mara moja. Watu wengi huficha. Yeye alikataa, akaichora palepale kwenye ghorofa yake, na kwa siku kadhaa nikasikia kiti chake kikisogezwa upande wa pili wa ukuta mpaka usiku. Nilipokwenda kumuuliza kulikoni, hakunitajia mtu wala mlango. Aliniambia tu kwamba mle ndani yumo mtu anayeweza kufa na jengo zima lisijue mpaka lisikie harufu. Majina nimeyajua baadaye sana, na ninayaandika haya kwa idhini ya mzee mwenyewe.

Mama Mishale aliiomba kamati ya maadili ya utafiti imruhusu kumdokeza yule muuguzi wa chini. Kamati ikakataa, na mimi nilikuwa mjumbe wa kamati hiyo nikakataa pamoja nao. Kila mpangaji alikuwa ameahidiwa kwamba jibu lake halitatoka kwa mtafiti. Mzee angetaka majirani wajue upweke wake, angewaambia mwenyewe. Mama Mishale hakubisha. Ahadi ile ilikuwa yake, ameitoa kwa mdomo wake, mlango baada ya mlango.

Ikabaki njia moja, na njia hiyo ilikuwa miguu yake. Ahadi ilimkataza kusema, haikumkataza kwenda kukaa na mtu. Lakini utafiti ulimkataza, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye. Nilimweleza bila kuzunguka: dada, vumilia awamu zote ziishe, kisha mtembelee hata kila siku, hakuna atakayekulaumu. Aliniangalia juu ya miwani yake. "Na yeye umemwambia avumilie?" Nilirudi chumbani kwangu nimekasirika.

Akaenda. Siku ya kwanza alijidai amesahau kalamu. Mzee alimkaribisha, akaitafuta kalamu chini ya meza na nyuma ya redio, kisha akamwonyesha kwamba ilikuwa imechomekwa kwenye nywele zake. Walicheka mpaka wakakohoa. Baada ya hapo alikwenda kila Alhamisi jioni. Mzee alimfundisha drafti kwa vizibo vya soda na kumfunga bila huruma, naye alimfundisha kupika wali usioungua. Mzee akaanza tabia ya kumpigia simu saa kumi na mbili kamili kila asubuhi. Aliendesha treni maisha yake yote, saa yake haikosei hata dakika. Mama Mishale alinung'unika kwetu kwamba amejitafutia saa ya kengele inayozungumza, ila hakuizima.

Mwaka ukapita, ikafika awamu ya pili. Kwa utaratibu, wahoji walikuwa wengine, na aliyepewa ghorofa ya nne alikuwa Daraja, wakati huo akisoma shahada ya pili na asiyejua lolote kuhusu Alhamisi za mwalimu wake. Alirudi na majibu, akayasoma mezani moja baada ya jingine. Alipofika kwa dereva wa treni aliinua macho akamtazama mwalimu wake. Mzee safari hii hakufikiri hata kidogo. Ukizidiwa ghafla, mlango wa nani utaugonga? Alimtaja Mama Mishale.

Wasomaji ambao si wa fani yetu huenda wasione balaa iko wapi. Mtafiti alikuwa ameingia ndani ya mchoro wake mwenyewe. Akiufuta mshale ule, anadanganya, na mzee anarudi kuwa nukta pweke kwenye karatasi. Akiuacha, anakiri kwamba utafiti umechafuka kwa mkono wake. Mkuu wa wakati huo alimwita akamshauri kwa nia njema kabisa. "Wewe si mpangaji wa jengo. Futa, nani atauliza?" Na ni kweli, hakuna ambaye angeuliza. Mshale mmoja kati ya mamia, na ng'ambo yake uprofesa.

Alijifungia chumbani mchana kutwa. Jioni alifungua mlango akaniita nikaone. Alikuwa amechora nukta moja nje kabisa ya kuta za jengo, akaandika pembeni yake "mtafiti", na mshale wa ghorofa ya nne ukatoka nje ya ukuta ukaifikia. Katika ripoti aliandika kwamba mshale huo upo kwa sababu yake, kwamba alikwenda akijua madhara yake, na kwamba msomaji aupime utafiti kwa kuzingatia hilo.

Wakaupima. Awamu ya tatu ilifutwa, jalada la uprofesa likarudishwa, na mtathmini mmoja akaandika kwamba mtafiti ameshindwa kutenganisha moyo wake na data yake. Mimi ni mtu wa takwimu, nasema bila kupepesa macho kwamba kwa kanuni zetu walikuwa sahihi. Na yeye pia alikuwa sahihi, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Alilia siku ile. Ukuta ni mwembamba, nilimsikia, na nililia kidogo upande wangu. Saa nane alinawa uso akaenda kufundisha. Tangu mwaka ule, kila kundi jipya la wanafunzi huanza na mchoro uleule wenye nukta nje ya ukuta, na yeye mwenyewe huwaambia kosa ni la nani. Idara yetu sasa haipokei ripoti ya utafiti wa mitandao mpaka mtafiti aeleze ana uhusiano gani na aliowahoji. Vyuo vingine vimeuiga utaratibu huo, wala havijui ulizaliwa na sahani ya wali.

Ameendelea kufanya kazi kubwa. Alionyesha wizara kwa nini habari za chanjo zilikuwa zikifika mtaa mmoja na kukwama mwanzo wa mtaa wa pili, na zahanati zikabadilisha watu wa kuzipeleka. Aliandika kitabu cha mbinu kwa wanaoanza, kwa Kiswahili chepesi, ambacho wanafunzi hukiazimana mpaka kinabaki bila jalada. Uprofesa haukurudi, na hakuuomba tena.

Naomba sasa nieleze jambo la mwaka jana, ambalo wengi wenu mlilisikia juu juu. Ilikuwa likizo ndefu, chuo kimefungwa, kila mtu yuko kwao. Watoto wawili wa Mama Mishale wanaishi ng'ambo, mumewe alitangulia mbele ya haki zamani, na nyumba yake ina geti refu. Usiku sukari ilimshuka, akaanguka jikoni, akapoteza fahamu. Saa kumi na mbili kamili asubuhi simu yake iliita. Haikupokelewa. Ikaita tena.

Mzee hakusubiri mara ya tatu. Alishuka zile ngazi na goti lake bovu, akakodi teksi, akavuka mji mzima, akagonga geti mpaka majirani wakatoka na nguo za kulalia. Wakamwambia labda amesafiri. Akawaambia, "Angesafiri ningejua." Wakavunja mlango. Daktari alisema baadaye kwamba kama angekutwa mchana, tusingekuwa tunaandaa sherehe ya kustaafu.

Wodini karani alimuuliza mzee yeye ni nani wa mgonjwa. Akajibu, "Andika jirani." Karani akaziangalia anwani mbili, moja mashariki ya mji na nyingine magharibi, akainua macho akamwona mzee ameshika kofia kwa mikono yote miwili. Akaandika jirani.

Sisi tulipata habari tuliporudi kazini. Mimi ninafundisha uwezekano, kwa hiyo nikapiga hesabu ya kichwani: kama si yule mzee, nani kati yetu sote tunaompenda angekuwa wa kwanza kushtuka, na siku gani? Ingefika wiki. Kwa mwanamke ambaye nusu ya chuo hiki hukimbilia chumbani kwake ikikwama, ingefika wiki nzima.

Kwa ajili ya wasifu huu nilikwenda kumhoji, nikaona si haki nimuulize mambo ya shahada na tarehe tu. Nikamuuliza swali lake mwenyewe, nalo huruhusu majina matatu. Dada, ukizidiwa ghafla, mlango wa nani utaugonga? Alimtaja dereva wa treni papo hapo. Nikasubiri na kalamu yangu. Akafikiri, akawapitisha wote kichwani, nilimwona akifanya hivyo. Kisha akasema kwa upole niandike hilo moja, linatosha. Miaka yote hii nimekuwa upande wa pili wa ukuta, nikimwambia pole kwa kila chafya! Nilinuna, sifichi. Nikarudi chumbani kwangu nikakaa. Halafu nikakumbuka kwamba katika miaka hiyo yote yeye ndiye aliyekuwa akigongewa, na kwamba mtu aliyezoea kupokea mishale hajui hata pa kuanzia kuutoa wake.

Dada yetu Mama Mishale, idara nzima inakushukuru kwa kutufundisha kutazama kilicho kati ya watu, na kwa kuisema kweli siku ambayo uongo ungekulipa. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi mzee akikuruhusu, wajukuu waje kukutembelea, na drafti ushinde walau mara moja. Staafu kwa raha, umeitumikia kazi hii kwa moyo wote.

Nami nina ombi langu binafsi, nalitoa mbele ya wote ili usiweze kulikwepa. Jumamosi nitabisha hodi getini kwako, na Jumamosi inayofuata, na inayofuata, mpaka unizoee. Swali lako bado lina nafasi mbili wazi. Ya pili niandike mimi.